Undugu wa mabaharia

Undugu wa mabaharia ni uhusiano wa kuaminiana, kusaidiana na kugawana unaojengeka kati ya watu wanaofanya kazi pamoja ndani ya chombo kidogo cha baharini. Huwaunganisha watu ambao mara nyingi si wa ukoo mmoja wala kabila moja, lakini ambao uhai wa kila mmoja umo mikononi mwa wenzake kuanzia chombo kinaposhuliwa mpaka kinapopwelea tena.

Makala hii inaeleza hasa undugu huo katika uvuvi mdogo wa pwani ya Dar es Salaam nchini Tanzania, kuanzia Mbweni na Kunduchi upande wa kaskazini hadi Kimbiji na Pemba Mnazi upande wa kusini. Sehemu ya mwisho inaulinganisha na ule wa watu sita waliosafiri kwa mashua James Caird katika bahari ya Antaktika mwaka 1916, kwa kuwa safari hiyo ni mojawapo ya mifano inayotajwa sana duniani kuhusu watu kuishi pamoja ndani ya chombo kidogo.

Asili ya maneno

Neno baharia (wingi: mabaharia) lina asili ya Kiarabu na linatokana na neno lenye maana ya bahari. Neno nahodha limetoka katika Kiajemi, ambamo maana yake ni bwana wa chombo. Maneno haya yaliingia katika Kiswahili kupitia biashara ya majahazi kati ya Afrika ya Mashariki, Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi.

Katika lugha ya wavuvi, neno chombo hutumika kwa kila kinachoelea na kubeba watu, liwe jahazi au mtumbwi. Mahali ambapo vyombo hupwelea na kushusha samaki huitwa diko (wingi: madiko). Sehemu ya mbele ya chombo ni omo, ya nyuma ni tezi, na sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji yanayovuja hukusanyika, ni ngama.

Maeneo na vyombo

Dar es Salaam ilianza kama kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima, kabla ya Sultani Majid wa Zanzibar kuanza kujenga mji hapo katika miaka ya 1860. Ingawa jiji limekua na kuvizunguka vijiji vya zamani, madiko bado yapo. Katika Wilaya ya Kinondoni yanajulikana ya Msasani, Kawe, Kunduchi, Ununio na Mbweni. Upande wa kusini wa mlango wa bandari kuna Kigamboni, Mjimwema, Gezaulole, Kimbiji na Pemba Mnazi, maeneo yaliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Kigamboni katika miaka ya 2010. Samaki wengi hupelekwa kuuzwa kwa mnada katika Soko la Samaki la Feri, karibu na mlango wa bandari.

Idadi ya mabaharia hutegemea chombo na aina ya uvuvi:

- Mtumbwi ni gogo lililochongwa. Hubeba mtu mmoja hadi watatu na hutumika karibu na ufuo.
- Ngalawa ni mtumbwi wenye matengo pande zote mbili ili usipinduke, na huwa na tanga moja. Kwa kawaida hubeba watu wawili hadi wanne, wengi wao wavuvi wa mshipi, dema au nyavu ndogo.
- Dau na mashua hujengwa kwa mbao. Dau limechongoka omo na tezi, ilhali mashua ina tezi bapa ambako huweza kufungwa mashine. Hutumika kwa nyavu za jarife, mishipi na safari za siku kadhaa.
- Boti za nyavu za kuzungusha huvua dagaa, vibua na samaki wengine waendao kwa makundi, hasa usiku wa giza kwa kutumia taa. Uvutaji wa nyavu hizo unahitaji mikono mingi, hivyo mabaharia huweza kufikia 20 au zaidi.

Chombo kinapokuwa kidogo, nafasi ya kujitenga haipo. Katika ngalawa mtu akisogea upande mmoja, mwenzake lazima ajue, kwa sababu uzito wa miili yao ni sehemu ya kinachokiweka chombo sawa. Upepo ukizidi, baharia mmoja hutoka nje na kukaa juu ya tengo la upande wa upepo, huku mwenzake akiwa ameshika demani, yaani kamba inayoongoza tanga. Demani ikilegezwa ghafla bila taarifa, aliye nje hutumbukia majini.

Vyeo na mgawanyo wa kazi

Nahodha ndiye mwenye amri. Huamua siku ya kutoka, saa, mahali pa kuvua na wakati wa kurudi. Katika vyombo vingi si yeye mwenye mali: mwenye chombo huitwa tajiri, na huenda asiwe mtu wa baharini kabisa. Nahodha anatarajiwa kujua pepo, mikondo, bamvua na maji mafu, pamoja na miamba iliyo chini ya maji. Kwa desturi hukumbuka mahali pa kuvua kwa kulinganisha alama mbili au tatu za nchi kavu na visiwa, kama vile Mbudya na Bongoyo upande wa kaskazini au Sinda upande wa kusini.

Katika vyombo vikubwa kidogo, mmoja hushika usukani, mwingine hukaa omo kuangalia miamba na kutupa nanga, na wengine hushughulika na tanga, mashine au nyavu. Baharia mpya, ambaye mara nyingi ndiye mdogo kwa umri, huanza na kazi mbili: kupika na kufua maji ya ngama. Kazi hizo huonekana duni, lakini ndizo zinazomjulisha kwa wenzake. Asiyefua maji kwa wakati bila kukumbushwa haaminiwi kushika usukani wakati wenzake wamelala.

Amri ya nahodha haipingwi chombo kikiwa kwenye mawimbi. Methali isemayo "manahodha wengi, chombo huenda mrama" inatokana na hali hiyo: mrama ni kuyumba kwa chombo, na chombo kinachopokea amri mbili kwa wakati mmoja huyumba kweli. Hata hivyo, nahodha mwenye busara huuliza kabla ya kutoka. Baharia mzee akisema wingu la upande wa kusini limemtia shaka, neno lake hupimwa wakati miguu bado iko mchangani. Mjadala unafanyika ufuoni, na baharini hubaki utekelezaji.

Jinsi undugu unavyojengeka

Kazi ya pamoja

Siku ya baharia huanza kwa kushua chombo. Maji yakiwa yametoka, chombo husukumwa juu ya mchanga kwa magogo au kwa mabega, na hapo hata mabaharia wa vyombo vingine huja kusaidia bila kuitwa. Leo wanakisukuma chako, kesho unakisukuma chao. Wakati wa kusukuma, na wakati wa kuvuta nyavu nzito, mmoja huanza kuimba na wengine huitikia. Wimbo una faida mbili: huondoa uchovu, na hufanya nguvu zote zitoke kwa wakati mmoja. Neno harambee, ambalo baadaye lilipata maana ya kisiasa nchini Kenya, linajulikana katika pwani kama mwito wa watu wanaoinua au kuvuta kitu kizito pamoja.

Siku ambazo chombo hakitoki pia zina kazi zake. Nyavu hushonwa na mbao huzibwa nyufa kwa pamba. Chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaokinga mbao. Kazi hizi hufanywa kivulini kwa mazungumzo marefu, na hapo ndipo baharia mpya husikia habari za ajali za zamani, samaki wakubwa waliokata mishipi, na manahodha waliosifika au kulaumiwa. Kwa maana hiyo ufuo ni darasa la kwanza la ubaharia.

Sufuria moja

Chakula cha chomboni ni cha pamoja. Unga, mchele, chumvi, sukari na majani ya chai hununuliwa kwa fedha za safari, na kitoweo hutoka baharini. Hupikwa juu ya jiko dogo au ndani ya debe lenye mchanga, na wote hula katika sinia au sufuria moja, nahodha akiwa miongoni mwao. Maji ya kunywa ndiyo yenye nidhamu kali zaidi. Dumu likikaribia kwisha, nahodha hupima kikombe kwa kila mtu, na anayekunywa kwa kificho hupoteza heshima yake hata kama safari imeisha salama.

Zamu

Nyavu za jarife hutegwa jioni na kuvutwa usiku wa manane au alfajiri. Kati ya saa hizo mabaharia hulala kwa zamu. Aliye macho huangalia taa ya nyavu, mabadiliko ya upepo, maji ya ngama na meli kubwa zinazoingia na kutoka katika bandari ya Dar es Salaam, ambazo huenda zisikione chombo kidogo gizani. Kulala wakati mwenzako yuko zamu ni kumkabidhi uhai wako. Baharia akizidiwa na usingizi, anatakiwa kumwamsha mwenzake na kusema, na kusema hivyo si aibu. Aibu ni kunyamaza.

Utani

Mabaharia wa Dar es Salaam hutoka sehemu nyingi. Miongoni mwao wapo Wazaramo na Wandengereko, watu wa Mafia na Kilwa, Wapemba na Watumbatu kutoka visiwani, na vijana wa mikoa ya bara waliokuja mjini kutafuta maisha. Utani, desturi ya mizaha iliyoruhusiwa kati ya makabila na koo nyingi za Tanzania, hupata nafasi kubwa chomboni. Kijana wa bara aliyetapika safari yake ya kwanza hupewa jina la utani linalomfuata miaka mingi. Mizaha hiyo hupunguza woga na hutoa njia ya kumwambia mtu kosa lake bila kumvunjia heshima. Ina mpaka wake: mtu aliyefiwa au anayeumwa hataniwi chomboni, na nahodha hukatisha utani unaoelekea kuwa ugomvi.

Dua

Wavuvi wengi wa pwani hii ni Waislamu. Chombo kipya kinaposhuliwa kwa mara ya kwanza, ni desturi kusomwa dua na kula chakula cha sadaka pamoja. Mabaharia wa dini nyingine hushiriki chakula hicho kama wenzao, kwa kuwa chombo kinachoombewa ni kile kitakachowabeba wote.

Mgao

Mabaharia wengi wa uvuvi mdogo hawalipwi mshahara. Hupata fungu la mauzo, na utaratibu huo huitwa mgao. Kwanza hutolewa gharama za safari, kama vile mafuta, barafu, chakula na ushuru. Kiasi kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri, kwa ajili ya chombo na nyavu zake, na watu waliokwenda baharini. Viwango hutofautiana kati ya diko na diko na kati ya aina moja ya uvuvi na nyingine.

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha hesabu tu. Chombo chenye nahodha na mabaharia wanne kimeuza samaki wa shilingi 300,000. Gharama zilikuwa shilingi 60,000, hivyo zimebaki 240,000. Ikiwa makubaliano ni nusu kwa nusu, tajiri atapata 120,000 na wavuvi 120,000. Nahodha akihesabiwa mafungu mawili na kila baharia fungu moja, jumla ni mafungu sita ya shilingi 20,000: nahodha atapata 40,000 na kila baharia 20,000. Safari ikitoa samaki wa shilingi 60,000 tu, gharama humeza zote na hakuna anayepata kitu.

Mbali na fedha, kila baharia hupewa kitoweo, yaani samaki wa kupeleka nyumbani. Kitoweo hutolewa hata siku ambayo mauzo ni madogo, ili familia isilale njaa wakati mtu ametoka baharini.

Mgao hufanywa hadharani, mbele ya wote waliosafiri. Uwazi huo ndio nguzo ya undugu: watu waliovumilia mvua na mawimbi bila kulalamika huweza kutengana kwa sababu ya hesabu iliyofanywa pembeni. Desturi nyingine inayothaminiwa ni kumkumbuka baharia aliyeugua au kuumia kazini kwa kumpelekea sehemu ya mgao, ingawa hakutoka. Si sheria iliyoandikwa, na si kila chombo huifuata, lakini mabaharia hukumbuka ni nahodha gani aliyeifuata.

Utaratibu wa mafungu si wa Dar es Salaam peke yake. Mwandishi Alan Villiers wa Australia, aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 ndani ya jahazi la Kuwait lililofika Zanzibar na delta ya Rufiji, alieleza mabaharia waliolipwa kwa mafungu na waliofanya kazi zao kwa nyimbo.

Dago

Dago ni kambi ya muda ya wavuvi mbali na nyumbani. Pepo ndizo zinazoamua: kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Mei au Juni hadi Septemba. Kusi huleta mawimbi makubwa, na vyombo vidogo hushindwa kutoka kwa siku nyingi mfululizo. Wavuvi hufuata samaki na maji matulivu, wakijenga vibanda visiwani au kwenye fukwe za mbali. Wakojani wa Pemba wanajulikana sana kwa safari hizo katika pwani yote ya Tanzania.

Katika dago mabaharia huishi pamoja kwa wiki au miezi: hula pamoja, huuguzana na hutuma fedha nyumbani kwa mkono wa yeyote anayerudi. Wageni hulazimika pia kuelewana na wenyeji wa diko kuhusu ushuru, maji ya kunywa na maeneo ya kuvua. Tabia ya baharia mmoja huweza kufungua au kufunga mlango kwa wenzake wote.

Ajali na wajibu wa kuokoana

Kanuni ambayo mabaharia wazoefu hufundisha kwanza ni kutokiacha chombo. Ngalawa au dau la mbao likipinduka, kwa kawaida huendelea kuelea. Anayekishikilia chombo huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu mmoja kati ya mawimbi, na nguvu zake haziishi upesi. Ufuo huonekana karibu kuliko ulivyo, na mkondo wa maji huweza kumvuta aogeleaye kuelekea bahari kuu. Kanuni ya pili ni kubaki pamoja: mabaharia hushikana mikono au kujifunga kwa kamba kwenye chombo, na anayejua kuogelea humsaidia asiyejua. Wapo mabaharia wasiojua kuogelea, hasa waliokulia mbali na bahari.

Chombo kinachoona kingine taabani kinatakiwa kukatiza uvuvi na kwenda kusaidia. Wajibu huu wa desturi unafanana na ule wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, unaozitaka nchi kuwaamuru manahodha wa meli zao kuwaokoa watu walio hatarini baharini. Chombo kisiporudi, wenzake wa diko lilelile hutoka kukitafuta, wakichangia mafuta kutoka mifukoni mwao. Baharia akifariki, wenzake huchanga rambirambi, na diko huweza kusimamisha kazi kwa maziko.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolewa kwa redio na simu, na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) husimamia usalama wa vyombo vya majini. Hata hivyo, majaketi ya kujiokolea hayapo katika vyombo vingi vidogo, na uamuzi wa mwisho wa kutoka au kutotoka hubaki kwa nahodha na watu wake.

Migogoro

Undugu wa mabaharia una mipaka na huvunjika. Sababu za kawaida ni mgao usioeleweka, madeni kati ya tajiri na wavuvi, ulevi, na nahodha kung'ang'ania kubaki baharini wakati wenzake wanaona hatari. Baharia ambaye hakuridhika kwa kawaida humaliza safari kisha huhama chombo, kwa kuwa kugombana katikati ya maji ni kuwahatarisha wote.

Uvuvi haramu huleta mtihani mgumu zaidi. Uvuvi wa baruti, ambao ulienea kwa miaka mingi katika pwani ya Dar es Salaam na ulipungua baada ya misako ya miaka ya 2010, umekatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena, na wapo wavuvi waliopoteza vidole, mikono au maisha. Baharia anayejua chombo chake kinabeba baruti hujikuta kati ya uaminifu kwa wenzake na uaminifu kwa bahari inayowalisha wote. Vikundi vya usimamizi wa fukwe vijulikanavyo kama BMU viliundwa ili jamii za wavuvi zenyewe zishiriki kulinda rasilimali, na kazi yao hutegemea watu walio tayari kutoa taarifa juu ya mtu wanayemfahamu. Hapo ndipo undugu wa chombo kimoja hupimwa dhidi ya undugu wa diko zima.

Mabadiliko

Mashine zimechukua nafasi ya matanga katika vyombo vingi, na boti za faiba zinaongezeka kando ya zile za mbao. Simu ya mkononi imeleta faida kubwa ya usalama, kwa kuwa chombo kilichoharibikiwa karibu na pwani huweza kuita msaada. Nahodha sasa huweza pia kujua bei ya Feri kabla hajafika.

Pamoja na faida hizo, muda wa watu kuzoeana umepungua. Katika boti kubwa za nyavu za kuzungusha, baadhi ya mabaharia huchukuliwa kwa siku moja, kama deiwaka wa daladala, na huenda wasijue majina ya wote walio nao. Mtu ambaye hajawahi kufua maji pamoja nawe hujui atafanya nini chombo kikijaa maji. Ujuzi wa tanga nao unapotea: mashine ikizimika, chombo chenye tanga na watu wanaojua kulitweka kina njia ya kurudi, na kisicho navyo husubiri kuokolewa. Mafunzo rasmi ya uvuvi hutolewa katika chuo cha Mbegani, Bagamoyo, lakini sehemu kubwa ya mabaharia wa vyombo vidogo bado hujifunza kwa wazee wa diko.

Ulinganisho: safari ya James Caird

Mwaka 1915 meli Endurance ya msafara wa Ernest Shackleton ilibanwa na barafu ya Antaktika na kuzama. Watu 28 waliishi juu ya barafu kwa miezi, kisha wakasafiri kwa mashua tatu hadi kisiwa cha Elephant. Tarehe 24 Aprili 1916 watu sita, yaani Shackleton, Frank Worsley, Tom Crean, Harry McNish, Timothy McCarthy na John Vincent, waliondoka kwa mashua James Caird, yenye urefu wa karibu mita 7, kwenda kutafuta msaada. Baada ya siku 16 na zaidi ya kilomita 1,200 walifika kisiwa cha South Georgia. Wenzao 22 waliobaki chini ya Frank Wild waliokolewa tarehe 30 Agosti 1916 na meli Yelcho ya Chile. Wote 28 walipona.

Mazingira yao yalikuwa kinyume cha yale ya Dar es Salaam. Maji ya pwani ya Tanzania huwa na joto la takriban nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi, na mtu aliyetumbukia huweza kustahimili kwa saa nyingi. Maji ya Antaktika hukaribia kuganda na huweza kuua katika muda mfupi. Taratibu zao, hata hivyo, mvuvi wa Kunduchi angezitambua. Waligawanyika katika zamu mbili za watu watatu. Walipika kwenye jiko moja, na Shackleton alipoona mmoja amezidiwa na baridi, aliagiza kinywaji cha moto kwa wote ili yule asijione mzigo. Wakati wa kugawa chakula katika misafara ya aina hiyo, mmoja aligeuka asione na kutaja jina la mpokeaji wa kila fungu, ili pasiwe na shaka ya upendeleo. Huo ni mgao wa hadharani kwa njia nyingine.

Undugu huo nao ulikuwa na mpaka. McNish, fundi seremala aliyeikarabati James Caird ili istahimili mawimbi, alikuwa amemkatalia Shackleton amri walipokuwa juu ya barafu. Baada ya safari, yeye na Vincent hawakupewa nishani ya ncha za dunia ambayo wenzao wengi walipewa, ingawa walikuwa miongoni mwa wale sita. Watu wengi walioandika baadaye wameona kwamba McNish alidhulumiwa.

Katika lugha na utamaduni

Ubaharia umeacha alama nyingi katika Kiswahili. Methali "kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" humkumbusha mtu kwamba hata akizunguka vipi, atarudi mahali pake. "Usisafirie nyota ya mwenzio" huonya dhidi ya kutegemea bahati ya mtu mwingine. Katika Kiswahili cha mitaani cha Dar es Salaam, neno baharia limepata pia maana ya mwanamume mwenzetu, mtu wa kupambana na maisha asiyemtupa rafiki. Vijana wa Mbagala na Mwananyamala ambao hawajawahi kupanda ngalawa huitana mabaharia.

Tazama pia

- Bandari ya Dar es Salaam
- Dau
- Ernest Shackleton
- Jahazi
- Kunduchi
- Ngalawa
- Uvuvi